Vijiko Sita vya Chumvi: Mtihani Wetu wa Redio

Wajukuu zangu mnaosomea tiba, na ninyi walimu wao mliozaliwa sukari ikiwa imekwisha rudi madukani, vuteni jamvi mkae.

Juzi mjukuu wangu Rehema, ambaye yuko mwaka wa tatu wa udaktari, alifanyia mtihani sebuleni kwangu hapa Chumbageni, Tanga. Kompyuta mapajani, vitabu kavitandaza chini kama dagaa walioanikwa, miguu juu ya mto wangu wa Idi. Nikamuuliza ni mtihani gani huo wa kufanya mtu na khanga kiunoni. Akasema, "Bibi, siku hizi mtihani unakuja kwa mtandao, tena vitabu tunaruhusiwa kufungua. Huu ni kumsukuma mlevi tu."

Baada ya saa mbili mlevi ndiye aliyekuwa amemsukuma yeye. Alifunga kompyuta, akakaa anatazama ukuta, kisha akasema taratibu, "Maswali hayamo vitabuni, bibi."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Akaninunia, na hakunisemesha mpaka nilipomkaangia samaki, changu wawili. Lakini sikumcheka yeye. Nilijicheka mwenyewe, maana mtihani wa mbali, vitabu wazi, msimamizi hayupo, sisi tuliufanya zamani, kabla hata mama yake Rehema hajaota meno. Tuliufanya kwa redio ya upepo. Na aliyeumbuka siku ile hakuwa mwanafunzi.

Nilifundisha miaka ishirini na saba katika chuo kidogo cha waganga wasaidizi pale Raskazone, kwenye nyumba ya zamani yenye baraza pana, madirisha kumi na manne na choo kimoja. Nilianza nikiwa nesi niliyevuliwa kofia na kupewa chaki. Hakuna aliyenifundisha kufundisha. Nilijifunza kwa kukosea mbele za watu, na wanafunzi wangu walikuwa mashahidi wazuri sana.

Nianze na mwisho, kwa sababu ndio unaochekesha haraka. Miaka ya ruksa ilipofika, biashara ikafunguliwa, bidhaa zikamwagika. Sabuni zikawa na manukato, mitumba ikajaa barabarani, na chuoni kwetu yakaja makatoni ya vitabu vya msaada kutoka nchi ambazo sijui hata ziko upande gani. Nikatangaza mtihani wa vitabu wazi. Kijana mmoja kutoka Lushoto akaja na vitabu vyake kwenye toroli. Toroli la ujenzi, lenye saruji iliyoganda pembeni. Alivipanga mezani mpaka nikawa simwoni uso. Kimoja nilikifungua, nikakuta maandishi ya lugha nisiyoijua, yamejaa vinukta juu ya herufi. Nikamuuliza, "Hiki unakisoma?" Akanijibu kwa adabu, "Hapana, Mwalimu, ila kina picha nzuri."

Saa tatu nzima alifungua kurasa. Upepo wa kurasa zake ulikuwa unapoza dawati la nyuma. Muda ulipokwisha, kwenye swali la kwanza alikuwa ameandika mstari mmoja: "Jibu lipo ukurasa wa 412, kitabu chekundu." Nami nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Alama zako nazo zipo hukohuko."

Basi Rehema si wa kwanza. Mtihani wa vitabu wazi unamdanganya mtu kwa kumpa kile anachokitamani. Lakini mimi nilidanganywa kabla ya wote, tena na kitabu nilichokiandika mwenyewe. Sasa hiyo ndiyo habari yenyewe.

Rudini nyuma, miaka ile ya dhiki. Dhiki hamuijui. Ninyi mkisema hakuna kitu mnamaanisha hakuna bando. Sisi tulisema hakuna sabuni, hakuna mafuta ya taa, hakuna karatasi, hakuna betri, hakuna unga. Foleni ukiiona unaingia kwanza, halafu unauliza inauza nini. Mara moja nilisimama nusu saa kwenye foleni, nikaja kugundua ni watu wanaosubiri kutoa pole msibani. Nikatoa pole.

Wakati huo tulikuwa na wanafunzi wanane ambao hawakai chuoni. Walikuwa wanafanya kazi katika zahanati za vijijini, kuanzia milima ya Bondei mpaka pwani ya Kigombe, na walisoma hukohuko kwa kitini tulichowapelekea. Kitini ni karatasi zilizobanwa pembeni kwa uzi, zimedurufiwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Kitini hicho nilikiandika mimi. Nilikichapa kwenye stensili mimi, kwa sababu mchapaji wetu alikuwa amekwenda kwao Handeni kutafuta mahindi. Na kabla hakijadurufiwa, mkuu wa chuo alikisoma, akaandika chini ya jalada kwa mkono wake: "Kimehakikiwa," akatia sahihi yenye mikia mitatu.

Mkuu huyo alikuwa Daktari Kilua, Mbondei wa Muheza, mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi hata wiki ambazo mkaa haukuonekana mjini. Aliamini kwamba mganga asiyekariri si mganga. Alikuwa akisimama mbele ya darasa, anafumba macho, anamwaga mishipa yote ya mkono kuanzia begani mpaka kwenye kucha, halafu anafumbua macho kuona nani hajatetemeka.

Mwisho wa mwaka wanafunzi wale wanane walitakiwa waje Tanga kufanya mtihani. Mwaka huo hawakuweza. Mvua zilikata barabara vipande vipande, petroli hakuna, na hata wangefika, karatasi za kuandikia maswali hazikuwepo. Tungeweza kuahirisha, lakini wasipofanya mtihani wasingepandishwa cheo, na wengine walikuwa wanangoja mwaka wa tatu.

Tulichokuwa nacho ni redio ya upepo. Mradi mmoja wa msaada ulikuwa umegawa redio hizo kwenye zahanati, za kuzungumzia kwa kubonyeza, zinatumia betri ya gari, ili watoe taarifa za magonjwa kila wiki. Nikaenda kwa Daktari Kilua, nikamwambia tuwafanyie mtihani kwa redio, Jumamosi, siku ambayo hakuna taarifa.

"Nani atawasimamia?" akauliza.

"Hakuna."

"Watafungua vitini."

"Basi tuwaruhusu wafungue."

Akavua miwani. "Mwalimu Saumu, mtihani wa kitabu wazi ni sawa na kufunga huku una tende mdomoni. Na wewe kwa jina lako ulipaswa kulijua hilo kabla yangu mimi Mkristo."

"Daktari," nikamwambia, "tukiwakataza watafungua, halafu watatuambia hawakufungua. Tutakuwa tumewafundisha tiba na uongo kwa pamoja."

Akairudisha miwani usoni. Kisha akasema, "Sawa. Lakini kwa sharti. Maswali yawe ambayo kitabu hakiwezi kuyajibu."

Nikakubali. Nilikubali kwa mdomo, wanangu, maana kichwani nilikuwa na kiburi cha mtu aliyekwisha tunga mitihani kumi na nne. Nilikwenda nyumbani, nikachukua maswali ya mwaka uliopita, nikayabadilisha kidogo kama mtu anayegeuza gauni upande wa ndani. Taja dalili. Eleza hatua. Orodhesha. Swali la nne lilikuwa hili: eleza namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Jibu lilikuwa ukurasa wa thelathini na moja wa kitini changu.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikaa chumba cha redio, mimi na Daktari Kilua, kitini changu mezani, na karatasi ya alama. Nikasoma maswali polepole, nikayarudia. Nikawapa saa moja na nusu wajibu kwa maandishi nyuma ya kadi za zamani za kliniki, kisha kila mmoja angesoma majibu yake hewani kwa zamu. Ili wasiigiziane, Daktari Kilua akatoa amri: kila mtu azime redio yake mpaka zamu yake ifike.

Redio ikakwaruza. Halafu sauti ya msichana ikasema, "Samahani, Daktari. Tukizima, tutajuaje kwamba zamu imefika? Ova."

Yule msichana alikuwa Amina, nesi wa zahanati ya Kigombe. Daktari Kilua alinitazama kana kwamba redio nimeibuni mimi. "Waambie waache wazi," akasema. "Mungu anawaona."

Wa kwanza kusoma alikuwa Hiza, mganga msaidizi wa zahanati moja ya juu Bondei, kwa sababu tulianza na wa milimani na kushuka baharini. Hiza alikuwa na sauti nzuri ya kanisani. Alisoma majibu yote bila kukwama, na kwenye swali la nne akasema, "Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko sita vya chai vya chumvi na nusu kijiko cha sukari. Koroga. Mnyweshe mtoto kidogokidogo. Ova."

Nikatazama ukurasa wa thelathini na moja. Nikaweka vema.

Akaja wa pili. Vijiko sita vya chumvi, nusu kijiko cha sukari. Vema. Wa tatu alikatizwa na karani wa shamba la mkonge aliyeingia kwenye mawimbi yetu, akasema, "Samahani, tunaulizia mkanda wa korona, ova." Korona hiyo ni mashine ya kukamulia mkonge, msije mkakimbia. Daktari Kilua akamwambia hapa ni mtihani wa taifa, jambo ambalo halikuwa kweli, na karani akaomba radhi kwa taifa. Wa tatu akaendelea: vijiko sita vya chumvi. Vema. Wa nne, wa tano, wa sita, wa saba, wote maneno yaleyale, koma kwa koma. Wote vema. Daktari Kilua kando yangu alikuwa anafuatisha kwa kidole kwenye kitini, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wa nane alikuwa Amina. Alipofika swali la nne akasita. Nikasikia kurasa zikifunguliwa.

"Mwalimu," akasema, "la kwangu ni tofauti na la wenzangu. Mimi ninaweka nusu kijiko cha chumvi na vijiko sita vya sukari. Ova."

Nikatazama kitini. Nikampiga mkasi. Nilichora ule mkasi kwa mkono huu huu, mistari miwili mirefu, na nikamwonea huruma jinsi alivyokuwa mzuri kote na kuja kujikwaa hapo.

"Amina," nikasema, "kitini unacho mbele yako?"

"Ninacho, Mwalimu."

"Fungua ukurasa wa thelathini na moja."

"Nimeufungua tangu mwanzo, Mwalimu."

Hapo redioni ukasikika mvutano, kitu kikagonga meza, na sauti nyingine ikaingia, ya mama mtu mzima, karibu mno na kinasa sauti. "Wee Mwalimu! Ulimnywesha nani weye vijiko sita vya chumvi, akapona?"

Nyuma yake Amina alikuwa anasema, "Ukimaliza achia hapo, bibi. Achia."

Daktari Kilua akainuka kwenye kiti. "Huyo ni nani?"

"Ni Bi. Mwanjaa, Daktari," Amina akasema. "Ndiye mkunga wetu wa hapa kijijini."

"Na anafanya nini katika mtihani?"

Amina akajibu: "Daktari, mmesema vitabu vinaruhusiwa. Mimi kitabu changu kingine ndicho hiki."

Mimi sikucheka wakati huo. Nilikuwa nausoma ukurasa wa thelathini na moja, kwa mara ya kwanza tangu niuchape. Kuusoma hasa, si kuutazama. Vijiko sita vya chumvi. Mtoto mchanga, mwili umekauka, unampa maji yenye chumvi kushinda bahari ya pale mbele ya dirisha. Hayo si dawa. Hayo ni kumuua.

Nikakumbuka siku niliyouchapa. Ilikuwa alasiri, na mlinzi alikuja mbio kusema duka la ushirika limeteremsha sukari. Nilibakiza mistari minne. Niliichapa nimesimama, pochi begani, na akili yangu ilikuwa imekwisha tangulia foleni. Nilipata nusu kilo. Nilirudi nyumbani nikiimba. Ule ukurasa nikauacha nyuma yangu, ukadurufiwa, ukatiwa sahihi yenye mikia mitatu, ukapelekwa zahanati nane, na hadi Jumamosi ile ulikuwa huko miezi saba.

Nikamsogezea Daktari Kilua kitini, nikaweka kidole kwenye mstari. Alisoma. Akasoma tena. Akafungua jalada, akaitazama sahihi yake.

Nilitegemea anifukuze. Ningekuwa yeye ningenifukuza. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Waulize."

Nikabonyeza redio. Nikasema kwamba ukurasa wa thelathini na moja umekosewa, kwamba aliyekosea ni mimi, Saumu, si mashine wala mchapaji, na kwamba Amina wa Kigombe peke yake ndiye aliyepata. Nikawaambia wakate mstari ule kwa wino sasa hivi, kabla hata hawajanijibu. Kisha nikauliza swali ambalo halikuwa kwenye mtihani. Nani kati yenu amemnywesha mtoto maji haya?

Wakajibu mmoja mmoja. Wa pili akasema hapana, yeye hutumia pakiti za dawa zikiwepo, na zisipokuwepo humwachia mama mtoto. Wa tatu akasema hapana. Wa tano alisema hapana, halafu akaongeza kwa aibu, "Mwalimu, kusema kweli kitini ninakifungua siku ya mtihani tu." Sijapata kushukuru uvivu wa mwanafunzi kama siku ile. Saba wakajibu, Amina akiwemo, na wote hapana.

Hiza hakujibu. Nilimwita mara tatu. Nikamwita mara ya nne kwa jina la baba yake. Redio ya Hiza ilikuwa imekufa.

Chuo kilikuwa na gari moja, na ndani ya gari hilo galoni mbili za petroli zilizotunzwa kwa dharura. Daktari Kilua alizilinda kama amana. Mama mkwe wake alipofariki, alikwenda mazikoni kwa baiskeli. Siku ile alichukua funguo ukutani, nami nikamfuata.

Barabara ilikuwa matope mpaka Muheza, na kuanzia pale ikawa haipo. Tulisukuma, tuliweka matawi, tulisukumwa na watu wa mashamba. Mara moja tu alisema, "Nilikihakiki, Mwalimu. Nilitafuta makosa ya herufi. Nilipata mawili." Nikamwambia nayakumbuka. Tukaendelea.

Tulifika alasiri. Zahanati imefungwa kwa kufuli. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na muziki mkubwa, kinanda na ngoma, unagonga mpaka kwenye mabati. Mzee aliyepita na jembe akatuambia, "Mganga yuko harusini. Na redio yenu haiwezi kuongea leo. Betri iko harusini pia."

Kweli ilikuwa harusini. Ilikuwa imewekwa juu ya kigoda kama mgeni rasmi, nyaya zimeingia kwenye santuri, na Hiza amesimama pembeni yake na koti jeupe la zahanati, anailinda. Alipomaliza kusoma majibu yake aliing'oa palepale, akakimbia nayo. Alipotuona tunavuka uwanja na matope hadi magotini, Daktari Kilua mbele, alijua amefumaniwa. Akaanza kujitetea kabla hatujamfikia. "Daktari, ni wimbo mmoja tu wa kuingilia maharusi—"

"Ukurasa wa thelathini na moja," nikamwambia sikioni, maana muziki ulikuwa mkubwa. "Umemnywesha mtu?"

"Nani amekunywa?" akasema. "Mwalimu, miye sinywi, mimi ni wa kwaya."

Daktari Kilua aliinama, akachomoa waya kwenye betri. Harusi nzima ikanyamaza ikatugeukia. Nikarudia swali katika ukimya ule, na watu wote wanasikia.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema Hiza. "Mmoja. Mtoto wa mama Paulina."

Daktari Kilua alinishika kiwiko.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Hiza akanyoosha kidole. Kwenye mkeka, chini ya meza ya maharusi, alikuwa amekaa mtoto wa kama mwaka mmoja na nusu, tumbo nje, anang'ata kipande cha muwa kikubwa kuliko mkono wake. Alituangalia, akaona hatuna chochote, akarudi kwenye muwa.

Mama Paulina ndiye aliyetueleza, huku anafuta mikono. Mtoto aliharisha wakati wa mvua, akampeleka zahanati. Mganga akafungua kitabu, akapima, akakoroga. "Nikamwambia, mganga, huyu ni kitinda mimba wangu. Onja kwanza wewe. Akapiga funda moja. Akatapika palepale kwenye koti lake. Nikachukua mwanangu, nikamtengenezea uji mwepesi na chumvi ya kuonja, nikaendelea kumnyonyesha. Kwani kuna kosa nimefanya?"

"Hapana, mama," akasema Daktari Kilua. "Kosa wewe hukufanya." Akachomeka waya wa betri mahali pake kwa mikono yake mwenyewe, na muziki ukaendelea pale ulipokatikia.

Tulikaa. Tulipewa wali. Nilipopata pumzi nikamvuta Hiza pembeni, nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanikereketa. Aliyaonja maji yale, akatapika, akajua hayafai. Basi ilikuwaje asubuhi ile akayasoma kwenye redio kwa sauti ya Krismasi?

Akanishangaa kwa dhati. "Mwalimu," akasema, "ule ulikuwa mtihani."

Wanangu, nimekwenda semina nyingi tangu siku ile. Nimekaa hoteli zenye feni, nimeandikiwa mishale ubaoni kuhusu namna ya kupima mwanafunzi. Hakuna iliyonifundisha zaidi ya maneno yale manne. Hiza alikuwa na vichwa viwili, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha mwalimu, na aliyempa hicho cha pili ni mimi, kwa miaka ya taja na orodhesha. Kabla hujatoa swali la kitabu wazi, keti ulijibu mwenyewe na kitabu mkononi. Ukiweza kulijibu huku unawaza foleni ya sukari, lichane.

Tulirudi Tanga juu ya lori la mkonge, petroli yetu imekwisha, na Daktari Kilua amekaa juu ya robota la katani na tai yake shingoni. Maeneo ya Pongwe akaniambia, "Rudia mtihani wote. Safari hii timiza sharti langu." Hilo tu. Barua ya onyo niliipata Jumatatu, na chini ya barua alikuwa ameandika kwamba nakala moja ameiweka kwenye faili lake mwenyewe.

Maswali mapya yalinichukua wiki mbili. Niliyajaribu kwa kila mtu, mpaka kwa mpishi. Jumamosi ya pili tukakaa tena chumbani mle, na swali la nne safari hii lilisema hivi: mtoto anaharisha tangu jana, pakiti za dawa zimekwisha zahanatini, na kijijini hakuna sukari. Utafanya nini?

Nilimwita Hiza wa kwanza. Betri ilikuwepo. Akakohoa, akafungua kitini kilichosahihishwa kwa wino, akasoma kwa ile sauti yake nzuri: "Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia nusu kijiko cha chumvi na vijiko sita vya sukari. Koroga. Ova."

"Hiza," nikasema, "hiyo sukari umeitoa wapi?"

"Ukurasa wa thelathini na moja, Mwalimu. Ova."

Daktari Kilua aliweka uso kwenye viganja vyake. Mabega yalimtikisika muda mrefu, na ilinichukua kitambo kuelewa kwamba anacheka, maana sikuwa nimepata kumwona akicheka. Mimi sikuandika kitu. Niliacha kidole mbali na kitufe nikangoja, na wale saba wengine walikuwa wanangoja, na bila shaka karani wa mkonge naye.

Tukasikia karatasi zikifungwa. Tukasikia kiti kikisogezwa. Kisha Hiza akarudi hewani, na sauti haikuwa ile ya kwaya. Ilikuwa ya mtu aliyesimama mlangoni mwa zahanati anamtazama mama anayeingia.

"Naomba nianze upya, Mwalimu," akasema. "Mtoto mwenyewe ana umri gani? Na bado ananyonya?"